Bakhita wa Sudan: Toka Soko la Watumwa Hata Hesabu ya Watakatifu

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kuwaeleza habari za mwanamke mmoja wa Sudan, aliyeibwa angali mtoto, akauzwa na kununuliwa mara kadhaa kama mbuzi wa mnadani. Naye tarehe 1 Oktoba 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mtakatifu wa Kanisa Katoliki. Jina lake ni Josephine Bakhita. Twajua ya kuwa si wote wanaotusikiliza walio Wakatoliki, wala si wote walio Wakristo. Lakini habari hizi zina faida kwa kila mtu, maana ndani yake mna mambo ya biashara ya watumwa, mna mambo ya sheria, tena mna swali kubwa: uhuru wa mtu watoka wapi, na ni nani awezaye kuuondoa?

Kwanza na tueleze maana ya kutangazwa mtakatifu. Watu wengine hudhani ya kuwa Papa humfanya mtu kuwa mtakatifu, kama vile mfalme ampavyo mtu cheo. Sivyo. Kanisa Katoliki hufundisha ya kuwa Mungu ndiye atakasaye. Kazi ya Papa ni kushuhudia, baada ya uchunguzi mrefu, ya kuwa mtu huyo aliishi kwa wema wa kishujaa, au alikufa kwa ajili ya imani, na ya kuwa yafaa aheshimiwe na kuigwa katika nchi zote. Mwaka 1588 Papa Sixtus wa Tano aliweka baraza la makardinali huko Roma ambalo, pamoja na mambo ya ibada, lilipewa kazi hii. Mashahidi huulizwa, barua na maandishi ya marehemu husomwa, na miujiza inayosemekana hupimwa na waganga na wanateolojia. Mtu hutangazwa kwanza kuwa Mwenye Heri, na baadaye, uchunguzi ukiendelea vema, kuwa Mtakatifu.

Mwaka 1983 Yohane Paulo wa Pili aliurekebisha utaratibu huo, akawapa maaskofu wa mahali kazi kubwa zaidi ya kukusanya ushahidi. Toka alipochaguliwa mwaka 1978 hata alipofariki mwaka 2005 aliwatangaza watakatifu 482, hesabu ambayo hakuna Papa aliyemtangulia aliyeifikia. Alitaka kila taifa lijione katika kundi hilo. Kabla yake, tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo wa Sita alikuwa amewatangaza Mashahidi 22 wa Uganda, waliouawa katika miaka ya 1885 hata 1887, wakati wa Kabaka Mwanga. Hao walikufa kwa moto na kwa mkuki, na ushujaa wao waonekana upesi. Bakhita alikufa kitandani, akiwa mzee, katika mji mdogo wa Italia. Basi ushujaa wake ulikuwa wapi? Na tumfuate toka mwanzo.

Alizaliwa yapata mwaka 1869 katika nchi ya Darfur, magharibi ya Sudan, katika kijiji cha Olgossa. Ndugu wa baba yake alikuwa mkuu wa kijiji, na nyumba yao haikuwa na dhiki. Siku moja wateka-watu walikishambulia kijiji wakamchukua dada yake mkubwa. Kilio cha mama yake siku hiyo Bakhita hakukisahau maisha yake yote. Baada ya miaka michache, alipokuwa na umri wa miaka minane hivi, akamfuata dada yake katika msiba ule ule. Watu wawili walimkuta mashambani, wakamwonyesha kisu, wakamwamuru anyamaze, wakaenda naye. Walipomwuliza jina lake, hofu ilikuwa imemfunga kinywa hata hakuweza kulitamka. Ndipo wakamwita Bakhita.

Sisi tusemao Kiswahili hatuna haja ya kufasiriwa jina hilo, kwa kuwa shina lake ndilo lililotupa neno letu bahati. Bakhita ni mwanamke mwenye bahati. Wezi walimpa jina hilo kwa dhihaka, au pengine walikuwa wakiifikiri bahati yao wenyewe na faida watakayoipata. Jina alilopewa na mama yake halikurudi tena akilini mwake. Alikufa bila kulikumbuka. Wengi hufikiri ya kuwa utumwa ni mnyororo na kazi ngumu tu. Lakini hapa twaona ya kuwa jambo la kwanza alilonyang'anywa mtoto huyu, kabla hajauzwa, ni jina lake.

Akaendeshwa kwa miguu mamia ya maili hata El Obeid, mji uliokuwa na soko kubwa la watumwa. Njiani yeye na msichana mwingine walitoroka usiku, lakini mtu mmoja aliyejifanya kuwahurumia akawafunga katika zizi la kondoo, kisha akawauza. Katika nyumba moja kijana wa bwana wake alimpiga kwa sababu ya kosa dogo, hata akalala zaidi ya mwezi mmoja pasipo kuweza kuinuka. Baadaye alinunuliwa na jemadari mmoja wa jeshi la Waturuki. Huko mke wa jemadari aliamuru achanjwe chale, kwa kuwa alipenda watumwa wake wawe na alama. Fundi alichora mistari kwa unga mweupe juu ya ngozi, akaipasua kwa wembe, kisha akasugua chumvi katika vidonda ili alama zisipate kufutika. Bakhita alihesabu chale 114. Katika makabila mengi ya Afrika chale ni pambo la heshima ambalo mtu hulipokea kwa watu wake. Lakini hizi zilikuwa kama chapa atiwayo ng'ombe.

Wakati huo nchi ya Sudan ilikuwa ikichafuka. Mwaka 1881 Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi, akaanza vita na serikali ya Misri na Waturuki. El Obeid ulianguka mikononi mwake mwezi Januari 1883. Jemadari, alipoona hatari yaja, aliwauza watumwa wake wengi, na wale waliosalia akafuatana nao hata Khartoum, na huko Bakhita akanunuliwa na afisa wa ubalozi wa Italia, Callisto Legnani. Bwana huyu hakumpiga wala hakumtukana, na kwa mara ya kwanza tangu kuibwa kwake alivikwa nguo nzuri. Legnani alipojitayarisha kurudi kwao, Bakhita alimsihi asimwache. Wakapita jangwani kwa ngamia hata bandari ya Suakin, wakaingia chomboni, na mwezi wa Aprili 1885 wakafika Genoa. Nyuma yao, tarehe 26 Januari mwaka huo, Khartoum ulikuwa umekwisha kutekwa, na Jenerali Gordon ameuawa.

Huko Genoa Legnani alimtoa kwa mke wa rafiki yake, Augusto Michieli. Angalieni neno hilo: alimtoa, kama mtu atoavyo zawadi. Mama huyo alipozaa mtoto wa kike, aliyeitwa kwa mapenzi Mimmina, Bakhita akawa yaya wake, na mtoto akampenda sana. Mwaka 1888 mama alitaka kwenda Suakin, ambako mumewe alikuwa na hoteli, akawaacha Bakhita na mtoto katika nyumba ya Masista Wakanosa mjini Venice. Shirika hilo lilianzishwa na Magdalena wa Canossa, ambaye naye alitangazwa mtakatifu na Papa yule yule mwaka 1988. Katika nyumba hiyo Bakhita alifundishwa habari za Mungu. Alisema baadaye ya kuwa tangu utoto, alipotazama jua, mwezi na nyota, alijiuliza ni nani bwana wa vitu hivi vyema, akatamani kumjua na kumheshimu.

Sasa, wasikilizaji, twafika penye kiini cha habari hii. Mama Michieli aliporudi kumchukua yaya wake, Bakhita alikataa kwenda. Mama akasihi, akakasirika, akadai ya kuwa mtu huyu ni mali yake. Kumwacha Mimmina kulimwumiza Bakhita moyo. Hata hivyo hakukubali. Jambo likapelekwa mbele ya Kardinali Domenico Agostini, Patriarki wa Venice, na wakili wa serikali ya Mfalme. Tarehe 29 Novemba 1889 hukumu ikatolewa: sheria ya Italia haiutambui utumwa, kwa hiyo mwanamke huyu hana bwana, naye yu huru kukaa apendapo. Wahenga husema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Siku hiyo mnyonge alipewa haki yake.

Tena na tulifikiri jambo hili kwa utulivu. Sheria ile haikutungwa siku ya hukumu. Ilikuwako tangu siku aliyokanyaga nchi ya Italia mwaka 1885. Maana yake ni kwamba kwa miaka minne na zaidi Bakhita alikuwa mtu huru mbele ya sheria, naye hajui, wala hapakuwa na mtu aliyemwambia. Katika pwani yetu yalitukia mambo yanayofanana na hayo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Seyyid Barghash na Waingereza, lakini watu waliokwisha kuwa watumwa walibaki watumwa. Mwaka 1897 Sultani Hamud bin Muhammad alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria. Lakini mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe barazani kuudai uhuru wake. Aliyekuwa hajui, au aliyeogopa, alibaki palepale. Basi sheria njema ni kama taa: yafaa sana, lakini sharti awepo mtu wa kuiwasha na kuishika.

Bakhita alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, akapewa majina ya Josephine Margaret Fortunata. Jina hilo la mwisho ni Bakhita kwa lugha ya Kilatini, yaani mwenye bahati. Hivyo jina la dhihaka likageuzwa kuwa jina la heshima. Tarehe 8 Desemba 1896 aliweka nadhiri za utawa katika shirika lile la Wakanosa. Tangu mwaka 1902 alikaa katika mji wa Schio, kaskazini ya Italia. Kazi zake zilikuwa kupika, kushona, kutunza vyombo vya kanisani, na kufungua mlango. Watu wa mji wakamwita kwa lugha yao Mama Mweusi, na watoto wa shule walipenda kumsogelea aliposimama langoni. Mwaka 1931 habari za maisha yake zilichapishwa katika kitabu, kisha akatumwa miji mingi ya Italia kuzungumza na watu, na kwa muda akasaidia kuwaandaa masista vijana waliokuwa wakienda kufanya kazi Afrika.

Mtu mmoja alimwuliza angefanya nini kama angekutana na wale waliomteka. Akajibu ya kuwa angepiga magoti na kuibusu mikono yao, kwa kuwa pasipo mambo yale asingalikuwa Mkristo wala mtawa. Jibu hili limewasumbua wengi. Husema: je, huku si kuuhalalisha uovu? Sisi twaona sivyo, na sababu yetu ni mpango wa maisha yake. Kwanza alisema hapana mbele ya mtu aliyedai kuwa bibi yake, akaupokea uhuru wake mchana kweupe, ndipo akasamehe. Mtumwa anyamazaye kwa hofu hajasamehe; amenyamaza tu. Kusamehe ni kazi ya mtu aliye huru. Wala msamaha wake haukuwaondolea wengine deni lao. Tarehe 22 Februari 1992 Yohane Paulo wa Pili alifika kisiwa cha Gorée, huko Senegal, ambako watumwa walipakiwa majahazini kwenda Marekani, akaomba msamaha kwa ajili ya Wakristo walioshiriki biashara ile.

Mwaka huo huo, tarehe 17 Mei, Papa alimtangaza Bakhita kuwa Mwenye Heri, na tarehe 10 Februari 1993 akafika Khartoum, akamheshimu katika nchi alimouzwa. Bakhita mwenyewe alikuwa amefariki huko Schio tarehe 8 Februari 1947. Katika ugonjwa wake wa mwisho fikira zake zilirudi siku za utumwa, akamwomba mwuguzi amlegezee minyororo, maana ni mizito. Chale za mwilini alizibeba hata kaburini, na pengine chale za moyoni pia. Utakatifu haukumfutia kumbukumbu.

Tangu mwaka 2015 Kanisa Katoliki huiadhimisha tarehe hiyo, 8 Februari, kuwa siku ya kuwaombea watu wote wanaouzwa na kununuliwa. Masoko ya wazi yamefungwa, lakini wako bado wanaodanganywa kwa ahadi ya kazi njema mjini au ng'ambo, kisha wakanyang'anywa hati zao na mishahara yao. Kwa hiyo ninyi mlio wazazi, mgeni ajapo kumtaka binti yenu akawe yaya mbali, ulizeni aendako, ulizeni jina la mwajiri, ulizeni atarudi lini. Na ninyi wanafunzi, jifunzeni sheria za nchi yenu, mkamfundishe na yule asiyejua kusoma. Bakhita aliwekwa huru kwa sababu alithubutu kusema neno moja, nao walikuwapo watu walioijua sheria na kusimama upande wake. Na tuwe watu wa namna hiyo.