Jamaa ya Katanga na Fimbo ya Maaskofu

Jamaa, vuguvugu la Wakatoliki lililozaliwa miaka ya 1950 katika miji ya migodi ya Katanga, kusini mwa Kongo, halikuwa na katiba, mali wala kiongozi mwenye cheo, na wafuasi wake hawakuwa na nia ya kujitenga na Kanisa. Hata hivyo, ndani ya miaka 20 wengi wao walijikuta nje ya Kanisa hilo, si kwa kutoka wenyewe bali kwa kutolewa.

Chimbuko lake ni Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyefika Kongo mwaka 1933. Kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu, kilichotolewa kwa Kifaransa mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1945, kilidai kwamba Wabantu wana mfumo kamili wa fikra ambao kiini chake ni nguvu ya uhai. Askofu Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto aliyeongoza Vikarieti ya Kitume ya Katanga, yaani eneo la kimisionari ambalo lilikuwa halijafanywa jimbo kamili, alikipinga vikali, na mwaka 1946 Tempels alirudi Ubelgiji, akakaa huko takriban miaka mitatu.

Aliporejea alifanya kazi eneo la Kolwezi, miongoni mwa wachimbaji wa kampuni ya Union Minière na wake zao, na hapo ndipo Jamaa ilipochipuka. Mafundisho yake, ambayo huko Katanga yalitolewa hasa kwa Kiswahili cha migodini, yalijengwa juu ya nguzo tatu: uzima, uzazi na mapendo. Mume na mke waliingia pamoja, wakapita ngazi zilizoitwa njia, wakiongozwa na wanandoa waliotangulia, nao wakaitwa baba na mama. Padri naye, alipojiunga, alifundwa kama walei, yaani waumini wasio na daraja takatifu.

Kwa mtazamo wa maaskofu, tatizo halikuwa uzembe wa ibada, kwa kuwa wanajamaa walihudhuria Misa na kutunza ndoa zao kwa bidii iliyosifiwa hata na mapadri. Kilichowatia shaka ni mafunzo yaliyofanyika faraghani, uzito uliopewa ndoto kama njia ya kujua mambo ya Mungu, na uvumi kuhusu ukaribu wa kiroho kati ya wanaume na wanawake. Zaidi ya yote, elimu ya imani ilipita mdomoni mwa wanandoa bila kupimwa na mwenye mamlaka ya kufundisha, ambaye katika sheria ya Kanisa ni askofu.

Hatua zilichukuliwa kwa awamu. Mwaka 1962 Tempels aliondoka Kongo moja kwa moja, mafundisho yake yakachunguzwa na wakuu wa Kanisa, naye akaishi Ubelgiji hadi kifo chake mwaka 1977. Makundi yaliyodhaniwa kupotoka yalipewa jina la Katete, jina ambalo liliwatia doa hata waliojiona waaminifu, na wahusika wakanyimwa sakramenti. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 maaskofu walidai wanajamaa waikane Jamaa hadharani au wahesabiwe kuwa nje, na waliokataa wakaendelea kukutana wenyewe.

Katika kipindi hichohicho Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofunguliwa mwaka 1962, uliitambua familia kuwa kanisa la nyumbani, na mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia shirikisho lao la AMECEA, walizifanya jumuiya ndogondogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji. Jumuiya hizo nazo ziliwakutanisha majirani nyumbani, walei wakafundishana, lakini zilianzishwa kwa agizo la askofu na zikawekwa chini ya paroko. Kwa hiyo Jamaa haikuadhibiwa kwa kuipa familia nafasi kubwa mno katika imani, bali kwa kuitwaa nafasi hiyo kabla ya kupewa.