Mkonge, Tekila na Konyagi

Mnamo mwaka 1893, Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza kutoka Florida miche 1,000 ya mkonge, mmea ambao asili yake ni Meksiko. Na katika hiyo ni 62 tu iliyosalimika safarini, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, likachipuka zao lililoitajirisha Tanga kwa jasho la manamba.

Jamaa yake, mkonge wa buluu, hustawi Jalisco, ambako wasafiri huyazuru mashamba kwa farasi na kuonja tekila, kileo kipikwacho kutokana na moyo wake uliookwa. Lakini Konyagi, kileo cha hapa kwetu kitengenezwacho Chang'ombe, hutokana na miwa, si mkonge. Ama mkonge wetu, fahari yake ni katani, iliyosokotwa kamba na kufumwa magunia.