Kale na Kuukuu: Wayahudi wa Kitabuni, Bungoma na Kitale

Katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, sehemu ya kwanza imeitwa Agano la Kale. Lakini katika Waraka kwa Waebrania, sura ya 8, agano hilohilo limepewa sifa ya "kuukuu". Kigiriki hutumia mzizi mmoja. Wafasiri wetu waliugawa. Nao mgawo huo si mdogo: cha kale ni cha wahenga na huheshimiwa, ilhali nguo kuukuu hutupwa. Makala hii inadai kwamba teolojia ya Kikristo imeuelewa Uyahudi kwa kuyumba baina ya maneno haya mawili, na kwamba wasomaji wa kando ya Mlima Elgon waliubaini myumbo huo bila kufundishwa.

Kanisa halikuwahi kukitupa kitabu. Marcion alipoyakataa maandiko ya Kiyahudi, alitengwa huko Roma yapata mwaka 144. Hata hivyo, katika karne hiyohiyo Justin alidai kwamba maandiko hayo sasa ni ya Wakristo, na baadaye Augustino akawafanya Wayahudi kuwa wachukuzi wa vitabu wasivyovielewa. Kitabu kilibakizwa ndani, mwenyewe akaachwa mlangoni.

Misheni ya Marafiki, iliyoanza Kaimosi mwaka 1902 na kuenea hadi Bungoma, ilirithi fundisho hilo. Elijah Masinde wa Kimilili alilelewa humo, kisha akatengwa kwa kuoa mke wa pili. Sasa, msomaji wa Kibukusu alikuta nini katika Mwanzo? Alimkuta Yakobo mwenye wake, madhabahu za sadaka, na tohara ya wana, jambo ambalo Wabukusu hulitimiza kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili. Lililoambiwa limepita lilikuwa likiendelea uani mwake. Dini ya Msambwa, iliyopigwa marufuku mwaka 1948, haieleweki bila usomaji huu, ingawa wachambuzi aghalabu huitazama kama siasa tu.

Ng'ambo ya mlima, karibu na Mbale, Semei Kakungulu alikwenda mbali zaidi. Akiisoma Biblia ya Kiganda, mwaka 1919 alijitahiri pamoja na wanawe. Alipoambiwa kwamba hayo ni ya Wayahudi, alijibu kwamba basi wao ni Wayahudi. Lakini jumuiya yake iliendelea kubatiza hadi alipokutana na mfanyabiashara Myahudi, akafunzwa kalenda na chakula halali cha Kiyahudi. Hapa ndipo ninapomtofautisha na Masinde. Kwa Masinde, Myahudi alibaki kioo cha kujitazamia; Kakungulu alikubali kusahihishwa na Myahudi aliye hai.

Inashangaza jinsi Myahudi huyo alivyokaribia kuwa jirani. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza iliwapa Wazayuni fursa ya kuhamia uwanda wa Uasin Gishu, hatua chache kutoka Kitale. Wenyeji hawakuulizwa, mkutano wa Wazayuni ulikataa mwaka 1905. Mimbari zilizofuata zikaendelea kumhubiri Myahudi ambaye waumini hawakuwahi kumwona.

Tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, likiegemea Warumi 11, lilikana kwamba Mungu amewatupa Wayahudi. Majimbo ya Kikatoliki ya Bungoma (1987) na Kitale (1998) yalizaliwa baada yake. Hata hivyo, Biblia ya 1952 ingali inasomwa pande hizo, na neno "kuukuu" limo palepale katika sura ya 8.