Ziwa Kivu: bandari ya wakaaji wa Bukavu

Bukavu iko mbali sana na Banana na Matadi, bandari za Kongo za kuelekea bahari. Bidhaa nyingi kutoka ng'ambo hufika huku kwa malori, kupitia Dar es Salaam ao Mombasa. Lakini mji huu una maji yake: Ziwa Kivu, ambalo Kongo inagawana na Rwanda.

Ziwa linaunganisha Bukavu na Idjwi, Kalehe, Minova na Goma. Boti zinabeba watu, maharagi, mihogo na makaa. Kwa mama mchuuzi, safari ikikwama, nyumbani hakuna chakula.

Mwaka 2024 vita vilifunga barabara ya Minova kwenda Goma. Wasafiri na mizigo ikabidi vipite majini. Tarehe 3 Oktoba, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma. Gavana wa Kivu Kusini wa wakati ule, Jean-Jacques Purusi, alisema ilikuwa na watu 278, na watu wasiopungua 78 walikufa.

Haikuwa mara ya kwanza. Aprili 2019, baada ya ajali nyingine ya ziwani, Rais Tshisekedi alifika Kalehe na kuagiza kila abiria avae jaketi ya kuokolea.

Agizo lipo, basi. Kinachookoa watu ni ukaguzi bandarini: kuhesabu abiria, kupima mzigo, kugawa jaketi, na kuzuia boti iliyojaa kupita kiasi. Barabara ikifungwa, ukaguzi huo ndio unapaswa kukazwa zaidi.