Uzalishaji wa misindano kwa vipandikizi

Ni njia ya kupata miche ya misindano (paini) kwa kuotesha vipande vya machipukizi badala ya mbegu, ili kila mche urithi sifa zote za mti mama: shina lililonyooka, ukuaji wa haraka, ukinzani wa magonjwa. Afrika Mashariki bado mbegu ndiyo inayotawala, hata Sao Hill wilayani Mufindi, shamba kubwa la miti la serikali ya Tanzania, ambako Pinus patula kutoka Meksiko imetamalaki.

Ugumu ni umri. Kipandikizi cha mti mkubwa hutoa mizizi kwa shida, na kikishika mara nyingi huendelea kukua kama tawi, kikilala upande. Kwa hiyo mti mama hukatwa kilele ungali mdogo, ukabaki kichaka kifupi kitaluni. Machipukizi yake laini huchomekwa kwenye mchanga wenye unyevu, chini ya kivuli. Mti bora uliokwisha komaa hubebeshwa: kikonyo chake huungwa kwenye mche mchanga, hasa kwa ajili ya mashamba ya mbegu.

Afrika Kusini hutumia vipandikizi kwa chotara wa P. patula na P. tecunumanii, ambaye mbegu zake ni adimu. Kenya ilianza mradi wa kloni (miche yenye urithi uleule wa mti mama mmoja) mwaka 1997, lakini wa mikaratusi, ambayo vipandikizi vyake hushika kwa urahisi zaidi kitaluni.

Kloni moja ikijaa shambani, ugonjwa mmoja huweza kuimaliza yote. Kuvu ya Dothistroma iliing'oa P. radiata katika mashamba ya Kenya na Tanzania miaka ya 1960, ingawa ile ilikuwa miti ya mbegu, isiyofanana kama kloni.