Asma, Babu Yake na Mawe ya Kidakani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Alhamdulillah, Ramadhan imetufikia tena. Kila mwaka mwezi huu twasikia mihadhara ya Badr na Fat-hu Makka, na sisi vijana twapenda sana habari za farasi na panga. Lakini ndani ya visa hivyo hivyo kuna watu tunaowapita bila kuwatazama, nao ni wazee. Leo natuiangalie nyumba moja tu, nyumba ya Sayyidna Abubakar (R.A), tuone wazee wake waliishi vipi, kisha tujitazame wenyewe.

Mawe ndani ya kidaka

Mwaka wa 622, Sayyidna Abubakar alipohama Makka pamoja na Mtume (S.A.W), alichukua mali yake yote iliyobaki, dirham elfu tano au sita. Baba yake, Abu Quhafa, alibaki Makka. Alikuwa mtu mzima sana, macho yake hayaoni tena, na wakati ule alikuwa hajasilimu. Mzee akaja nyumbani kwa mwanawe ana huzuni, akilalamika kuwa Abubakar amewaondokea yeye na mali yake pia.

Bi Asma binti Abubakar akamjibu babu yake kuwa sivyo, wameachiwa kheri nyingi. Akaokota mawe, akayapanga kwenye kidaka cha ukutani ambamo baba yake alikuwa akiweka pesa, akayafunika kwa nguo, kisha akaushika mkono wa mzee na kuuweka juu yake. Mzee akapapasa, moyo ukamtulia. Asma mwenyewe ndiye aliyesimulia kisa hiki baadaye, na akasema wazi kuwa hawakuachiwa chochote, ila alitaka mzee apate utulivu.

Tusisahau Asma mwenyewe alikuwa katika hali gani. Alikuwa mja mzito. Baba yake anasakwa na Makuraishi. Abu Jahl alikuja mlangoni akampiga kofi mpaka herini ikamwanguka. Na babu anayemlalamikia si wa dini yake. Angeweza kumwambia, "Nyamaza mzee, mambo haya huyaelewi." Wangapi kati yetu twasema hivyo, tena bila shida hata moja ya zile za Asma?

Siku ya Fat-hu Makka

Ramadhan ya mwaka wa 8 Hijria, yaani Januari 630, Mtume (S.A.W) aliingia Makka akiwa mshindi. Sayyidna Abubakar akamshika baba yake mkono, akampeleka msikitini kwa Mtume. Kichwa cha mzee kilikuwa cheupe pepepe kwa mvi. Mtume alipomwona alimuuliza Abubakar mbona hakumwacha mzee nyumbani, ili yeye mwenyewe amwendee huko. Abubakar akasema kuwa mzee ndiye anayestahiki kumwendea Mtume.

Hebu fikirieni. Ni siku ambayo mji mzima uko mikononi mwake, watu wanangoja kusikia hukumu yake, naye anaona uzito kwamba kipofu mmoja ametembezwa kuja kwake. Kisha akamkalisha mbele yake, akampangusa kifua, akamwita katika Uislamu, na mzee akasilimu. Tena akaamrisha mvi zake zibadilishwe rangi, ila isiwe nyeusi. Hata sura ya mzee ilikuwa na thamani.

Sayyidna Umar na mwombaji

Kadhi Abu Yusuf, aliyefariki mwaka wa 798, ameandika katika Kitabul Kharaj kuwa Sayyidna Umar (R.A) alipita mlango mmoja akamkuta mzee kipofu akiomba. Alipomuuliza akajua kuwa ni Myahudi, na kinachomwombesha ni kodi ya jizya, shida na uzee. Umar akamshika mkono akaenda naye nyumbani kwake, akampa alichokuwa nacho. Kisha akamwita mweka hazina wa Baitul Mal, akamwambia amtazame mzee huyu na wenzake. Maana ya maneno yake ni kuwa hatutakuwa tumemfanyia haki ikiwa tumekula ujana wake kisha tunamtupa katika uzee. Akamwondolea jizya yeye na wanaofanana naye.

Ndugu zangu, Umar hakuiita sadaka. Aliona ni deni. Mtu ameutumikia mji kwa nguvu zake, na nguvu zikiisha mji unadaiwa.

Asma naye azeeka

Miaka ikaenda. Yule mtoto aliyekuwa tumboni mwa Asma ni Abdullah bin Zubeir, ambaye baadaye alikuja kuwa mtawala wa Makka. Mwaka wa 73 Hijria (692) jeshi la Hajjaj lilimzingira humo, na watu wakamkimbia, hata wanawe. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka sabini, naye mwenyewe ni mzee. Alikwenda kwa nani kutaka shauri? Kwa mama yake, ambaye sasa alikuwa anakaribia miaka mia, na riwaya zasema macho yake yalikuwa yamekwisha kama ya babu yake.

Asma hakumbembeleza. Alimwambia kuwa yeye anaijua nafsi yake zaidi: kama yuko katika haki na aendelee nayo, na kama alitaka dunia tu basi amejiangamiza yeye na waliokufa pamoja naye. Abdullah akatoka, akapigana mpaka akauawa. Hajjaj alipomwita Asma, bibi huyu alikataa kwenda. Ikabidi Hajjaj amwendee yeye, na alipofika Asma alimweleza dhulma yake usoni. Muda mfupi baadaye akafariki. Mwili ulichoka, lakini akili na ulimi wa haki vilikuwa vizima.

Na sisi je?

Hapa kwetu Pwani, hasa Kilifi, kwa miaka mingi tumekuwa tukisikia wazee wakiuawa kwa kuitwa wachawi, na mara nyingi ndani ya mambo hayo mna ugomvi wa shamba na jamaa zao wenyewe. Mvi ambazo Mtume (S.A.W) alizishughulikia kwa upole, kwetu zimekuwa ushahidi wa uchawi! Katiba ya 2010, kifungu cha 57, yampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa yake na serikali. Mwaka wa 2018 mpango wa Inua Jamii ulianza kuwapa waliofika miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Hayo ni mazuri, lakini sheria haiwezi kukaa na nyanya jioni.

Na tusiwanyoshee kidole watu wa Kilifi peke yao. Sisi twatuma pesa kwa simu tukadhani tumemaliza. Twamsalimia babu huku macho yako kwenye simu. Msikitini mzee akichelewa kuinuka kwenye tarawehe twaguna. Na Mola wetu katika Suratul Israa ametukataza hata kuwaguna wazazi wetu wakifikia uzee.

Ramadhan hii tusingoje wazee waletwe kwetu. Tuwaendee, kama Mtume (S.A.W) alivyotaka kumwendea Abu Quhafa. Chukua futari, kaa chini ule nao, uwaulize wameona nini katika maisha yao, kisha usikilize mpaka mwisho hata kama kisa umekisikia mara kumi. Tena usichague wa dini yako tu, kwani yule mzee wa Umar hakuwa Muislamu.

Allah atujaalie tuwe macho ya wazee wetu, na sisi tukifika huko asitunyime wa kutushika mkono. Amin.

Wabillahi tawfiq.