Saitokini: wajumbe wa kinga ya mwili na mwenendo wa kifua kikuu

Saitokini ni protini ndogo ambazo seli za mwili huzitoa ili kupelekeana habari. Seli moja inapomgundua adui hutoa saitokini, nayo husafiri hadi kwenye seli nyingine, hunasa katika kipokezi kilicho kwenye utando wake, kisha huipa agizo: amka, zaliana, sogea, ua, au tulia. Pasipo maagizo hayo, kinga ya mwili ingekuwa jeshi lenye askari wengi lisilo na amri. Maagizo yanapopita kiasi, jeshi hilohilo hubomoa nyumba lililowekwa kuilinda.

Kifua kikuu ni miongoni mwa maradhi yanayolidhihirisha jambo hili kwa uwazi mkubwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, hukadiria kuwa takriban robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa bakteria wa kifua kikuu. Hata hivyo, kati ya walioambukizwa, asilimia 5 hadi 10 tu ndio huugua katika maisha yao. Kwa mwaka 2023, shirika hilo lilikadiria kuwa watu milioni 10.8 waliugua na watu milioni 1.25 walifariki dunia. Kwa nini mmoja hubeba bakteria hadi uzeeni bila kukohoa, na mwingine hukonda na kufa? Sehemu kubwa ya jibu imo katika mizani ya protini hizi.

Vita ndani ya pafu

Mgonjwa anapokohoa, matone madogo yenye bakteria huelea hewani na kuvutwa na mtu aliye karibu. Bakteria wakifika katika vifuko vya hewa ndani ya pafu, humezwa na seli walaji, ambazo kazi yake ya kila siku ni kumeza vumbi na vimelea. Bakteria wengi humezwa na kusagwa. Bakteria wa kifua kikuu, ambaye Robert Koch alitangaza kumgundua tarehe 24 Machi 1882 mjini Berlin, ana hila yake: huzuia asisagwe, na huishi ndani ya seli ileile iliyokuja kumla.

Hapo ndipo wajumbe huingia kazini. Seli zilizomtambua bakteria hutoa saitokini iitwayo interlukini-12, inayoziamsha seli nyeupe za damu za aina ya T. Maandalizi hayo huchukua wiki kadhaa. Seli za T zikifika kwenye pafu hutoa interferoni gama, nayo huiamuru seli mlaji iongeze nguvu ya sumu zake na kumuua bakteria aliyejificha tumboni mwake. Seli walaji nazo hutoa protini iitwayo TNF, ambayo huita wenzao na kuwashikilia mahali pamoja.

Matokeo yake ni kifundo kidogo cha seli kiitwacho granuloma. Katikati yake wamo bakteria. Pembeni zimejipanga seli walaji. Nje kabisa wapo walinzi wa aina ya T. Watu wengi walioambukizwa hubaki katika hali hii miaka mingi. Bakteria wengine hufa, wengine hubaki hai wakiwa wamefungiwa, na mwenye pafu hana habari. Kuta za kifungo hicho hazikujengwa mara moja zikaachwa. Husimama kwa sababu interferoni gama na TNF huendelea kutolewa.

Zipo pia saitokini za kutuliza. Iliyo mashuhuri ni interlukini-10, inayoziamuru seli zipunguze ukali ili pafu lisiungue kwa moto wa walinzi wake. Ikizidi, bakteria hupata nafasi ya kuzaliana. Ikipungua, nyama ya pafu huharibika.

Protini inayokondesha

Historia ya TNF ina kipande kinachopita Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1970, mwanasayansi wa Marekani Anthony Cerami, wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, alifanya kazi nchini Kenya kuhusu nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na mbung'o. Kilichomshangaza ni kwamba mnyama aliweza kukonda hadi kufa hata pale ambapo vimelea katika damu yake vilikuwa vichache. Ikawa vigumu kuamini kwamba vimelea hivyo ndivyo vilivyomla.

Uchunguzi uliofuata katika maabara, kwa kutumia sungura walioambukizwa vimelea vya jamii hiyo, ulielekeza kidole kwenye kitu kinachotolewa na mwili wa mnyama mwenyewe. Kitu hicho kilivuruga matumizi ya mafuta mwilini. Cerami na wenzake walikiita kakektini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya hali mbaya ya mwili.

Kwa upande mwingine wa elimu, mwaka 1975 kundi la Lloyd Old katika jiji la New York lilikuwa limeeleza protini inayoua baadhi ya uvimbe wa saratani katika panya, likaipa jina ambalo kifupi chake ni TNF. Mwaka 1985 Cerami, pamoja na Bruce Beutler, walionyesha kwamba kakektini na TNF ni protini moja. Mjumbe anayeamuru adui auawe ndiye anayeweza kumkondesha mwenye mwili.

Ugunduzi huo ulisaidia kueleza sura ya mgonjwa wa kifua kikuu. TNF, interlukini-1 na interlukini-6 hufikisha habari kwenye sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili, na homa hupanda. Saitokini hizohizo huondoa hamu ya chakula na kuufanya mwili utumie akiba yake ya mafuta na misuli. Homa za jioni, jasho la usiku na nguo zinazopwaya huletwa kwa kiasi kikubwa na vita vyenyewe.

Ukuta unapobomoka

Umuhimu wa wajumbe hawa ulithibitika zaidi pale walipokosekana. Mwaka 1996 watafiti walieleza habari za watoto kutoka Malta waliozaliwa na kasoro katika kipokezi cha interferoni gama. Mjumbe alikuwepo, ila mlango wa kumpokea haukuwepo. Watoto hao waliugua vibaya kwa sababu ya bakteria wa jamii ya kifua kikuu ambao kwa kawaida hawamdhuru mtu mwenye afya. Mwaka huohuo ilielezwa habari ya mtoto mchanga mwenye kasoro ya namna hiyo, aliyefariki dunia kwa maambukizi yaliyotokana na chanjo ya BCG, chanjo ambayo mamilioni ya watoto huipokea salama.

Ushahidi wa pili ulitoka hospitalini. Kuanzia mwaka 1998 madaktari wa Marekani walianza kutumia infliksimabu, dawa inayoizuia TNF, kwa wagonjwa wenye maradhi ambayo kinga huushambulia mwili wenyewe, kama vile ugonjwa wa Crohn wa utumbo na, baadaye, baridi yabisi. Viungo vilipungua uvimbe, maumivu yakatulia. Mwaka 2001, hata hivyo, taarifa iliyochapishwa katika jarida la kitabibu ilihesabu wagonjwa 70 waliougua kifua kikuu baada ya kutumia dawa hiyo. Zaidi ya nusu yao waliugua nje ya mapafu, dalili kwamba bakteria walikuwa wametawanyika. Tangu hapo, mgonjwa hupimwa kwanza maambukizi ya kifua kikuu kabla ya kupewa dawa ya kuizuia TNF.

Ushahidi wa tatu, ulio mkubwa kuliko yote katika Afrika, ni VVU. Virusi hivi huangamiza seli za T zenye alama ya CD4, ambazo ni wazalishaji wakuu wa interferoni gama. Kadiri seli hizo zinavyopungua, ndivyo granuloma inavyolegea na bakteria kuenea mwilini. Kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, pafu huenda lisitoboke, makohozi yakawa na bakteria wachache, na picha ya eksirei ikaonekana karibu na ya kawaida. Dalili chache hapo hazimaanishi ugonjwa mdogo. Zinaweza kumaanisha kwamba hakuna tena jeshi la kupigana.

Kinga inapozidi kipimo

Upande wa pili wa mizani una hatari zake. Pale maagizo ya kupigana yanapozidi, seli hutoa vimeng'enya vinavyokata nyuzi zinazolishikilia pafu. Katikati ya granuloma huyeyuka, shimo hutokea, na shimo hilo likiungana na njia ya hewa, bakteria kwa mamilioni hupata mlango wa kutokea. Kikohozi cha mtu mwenye mashimo ndicho huambukiza wengine zaidi. Kwa maana hiyo, kinga kali isiyozuiliwa humfaa bakteria anayetaka kuhamia kwa jirani.

Hali ni ya hatari zaidi bakteria wanapofika kwenye utando wa ubongo. Fuvu halitanuki, na uvimbe unaosababishwa na kinga hubana ubongo na mishipa yake ya damu. Mwaka 2004 watafiti nchini Vietnam walichapisha matokeo ya wagonjwa 545 wenye homa ya uti wa mgongo ya kifua kikuu. Wote walipewa dawa za kuua bakteria, na baadhi yao waliongezewa deksamethasoni, dawa ya kupunguza ukali wa kinga. Katika kundi lililoongezewa walikufa asilimia 31.8; katika kundi jingine, asilimia 41.3. Dawa isiyoua bakteria hata mmoja iliokoa maisha.

Lakini dawa hiyohiyo haikuleta manufaa ya wazi katika utafiti wa Vietnam na Indonesia uliochapishwa mwaka 2023 kuhusu watu wazima 520 wenye ugonjwa huohuo na wanaoishi na VVU. Jeshi la kila mgonjwa lina hali yake, na breki inayomfaa mmoja huenda isimfae mwingine.

Hutokea pia kwamba mgonjwa wa kifua kikuu anayeishi na VVU huanza dawa za kufubaza virusi, na baada ya wiki chache homa hurudi, tezi huvimba na kikohozi huzidi. Wengi hudhani dawa zimewadhuru. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba seli za T zimeongezeka, zimewakuta bakteria waliobaki, na zimemwaga saitokini kwa wingi. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha wagonjwa 240 wenye CD4 chache sana, ulionyesha kwamba prednisoni iliyotolewa kwa wiki 4 chini ya uangalizi wa daktari ilipunguza hali hiyo kutoka asilimia 46.7 hadi 32.5.

Protini kama ushahidi

Kwa kuwa wajumbe huacha nyayo, tabibu anaweza kuzifuata. Kipo kipimo ambacho damu ya mtu huchanganywa na protini za bakteria wa kifua kikuu, kisha hupimwa kiasi cha interferoni gama kilichotolewa. Ikitolewa kwa wingi, ni ishara kwamba seli za T zimewahi kukutana na bakteria huyo. Kipimo hicho hakiwezi kutofautisha aliyeambukizwa tu na anayeugua.

Protini nyingine ni CRP, iliyogunduliwa mwaka 1930, ambayo ini huitengeneza kwa agizo la interlukini-6. Hupanda katika maambukizi mengi, kwa hiyo peke yake haithibitishi ugonjwa wowote. Mwaka 2021 WHO ilipendekeza itumike kama chujio kwa watu wanaoishi na VVU: CRP ikiwa juu, mtu apimwe makohozi kwa mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria.

Mambo ya kuzingatia

Elimu hii ina maana ya moja kwa moja kwa familia yenye mgonjwa. Jambo la kwanza ni kuhusu prednisoloni na deksamethasoni, ambazo watu hujinunulia madukani ili kutuliza kikohozi, pumu au maumivu ya viungo. Dawa hizi hupunguza saitokini, na mtumiaji hujisikia nafuu kwa haraka. Ikiwa ana bakteria waliofungiwa, au ana kifua kikuu ambacho hakijagunduliwa, huenda anazibomoa kuta huku akidhani anapona. Vilevile, aliyepewa dawa hizo na daktari kwa muda mrefu asiziache ghafla kwa hiari yake, kwa kuwa mwili huwa umezoea kuzitegemea.

Jambo la pili ni kuhusu vidonge na mitishamba inayouzwa kwa jina la dawa za kuongeza kinga. Kinga haina kipimo kimoja cha kuongezwa au kupunguzwa. Ina wajumbe wengi wanaovutana, na mgonjwa mwenye mashimo mapafuni hakosi ukali wa kinga.

Jambo la tatu ndilo linalogharimu maisha zaidi. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6, na katika nchi za Afrika Mashariki dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Katika wiki za mwanzo bakteria wengi hufa, saitokini hushuka, homa hukoma, hamu ya kula hurudi na uzito huongezeka. Mgonjwa hujiona mzima na huona hakuna haja ya kuendelea. Kilichopungua wakati huo ni vita pamoja na kelele zake. Bakteria wachache, wanaozaliana polepole, bado wamo, na wakiachwa hurudi, pengine wakiwa wamejifunza kustahimili dawa. Miezi inayobaki ni ya kuwamaliza hao, ambao mwili haupigi tena kelele juu yao.